Kabla Hamjachimba Msingi

Wajukuu zangu wa umoja wa vijana, ujumbe wenu umenifikia pamoja na vile viwili mlivyoambatanisha. Cha kwanza ni video ya kanisa la kijijini Uingereza lililogeuzwa nyumba ya kuishi. Jiko limewekwa pale ilipokuwa mimbari, kitanda kiko juu kwenye roshani, na wenye nyumba wanawaonyesha wageni madirisha marefu kwa fahari. Chini yake mmeandika kwamba waliotuletea dini wameitupa. Cha pili ni ramani ya kanisa jipya mnalotaka kujenga kando ya barabara kuu, lenye viti elfu moja, kwa kuwa wenzenu wa upande wa pili wameshajenga la viti mia nane, na kwa kuwa ninyi na wazee hamsikilizani tena juu ya kwaya na vyombo. Mnaniomba mchango na baraka.

Ya mchango nitayafikia. Nianze na video, maana mmeituma kwa mtu anayeijua nchi ile. Nilifanya kazi ya uuguzi mashariki ya Lincolnshire mpaka nikastaafu, na siku zangu za mapumziko nilikuwa kwenye zamu ya usafi katika kanisa la kijiji nilichokaa. Nimefagia, nimeng'arisha vinara vya shaba, nimepanga maua ya Pasaka, nimepanda ngazi kuzibua gata. Kwa hiyo ninayowaambia sikuyapata kwa kusimuliwa. Na nawaambia mapema kabisa: mliyoyaandika chini ya ile video hayajafika kwenye ukweli, na ninaogopa kwamba ramani yenu imechorwa juu ya wazo lile lile.

Nchi yenyewe iko hivi. Upande wa bahari ni tambarare, udongo mzito uliokombolewa kutoka kwenye maji kwa mitaro na matuta, nao wenyeji wanauita Marsh. Ukielekea magharibi ardhi inainuka polepole hadi vilima vya chokaa viitwavyo Wolds. Popote utakaposimama unaona mnara wa kanisa, na ukigeuka unaona mwingine. Kijiji cha nyumba thelathini kina kanisa la mawe lenye umri wa miaka mia sita au mia saba. Mawe ya huko yana rangi ya kijani iliyofifia, ni laini, na mvua inayala kidogo kidogo. Kusini kuna Boston, ambako kanisa la Mtakatifu Botolph lilianza kujengwa mwaka 1309, na mnara wake wenye kimo cha mita 81 hivi unaonekana kutoka mbali sana, baharini na nchi kavu.

Msidhani hayo ni mambo ya watu wengine. William Tozer, askofu aliyeihamishia Zanzibar misheni iliyotuzaa mwaka 1864, alikuwa padre wa kijiji cha Burgh-le-Marsh, katika tambarare hiyo hiyo. Rafiki yake aliyefuatana naye, Edward Steere, alikuwa amehudumu Skegness, kisha akawa padre wa Little Steeping, kijiji kidogo kati ya Burgh na Spilsby ambacho gari likikipita haraka hutajua kama umekipita. Watu wa Marsh walimpenda Steere kwa sababu alikuwa mtu wa kukunja mikono ya shati na kushika kazi. Mikono hiyo hiyo ndiyo iliyosimamia kanisa kuu la Mkunazini. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa Juni 1873, na Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi likawekwa pale pale sokoni. Paa lile la duara mnalolitazama mkienda Unguja ni la mawe ya matumbawe yaliyochanganywa na saruji, na wapo waliosema litaanguka. Halikuanguka. Steere alifariki mwaka 1882 na amezikwa nyuma ya altare. Sarufi aliyoandika, hadithi za Kiswahili alizokusanya na kuchapisha mwaka 1870, tafsiri ya Maandiko aliyoifanyia kazi hadi mwisho wa maisha yake, vyote ni vya mtu aliyetoka kwenye parishi ambayo leo mngeweza kuirekodi ikiwa tupu na kuicheka. Mtu hacheki nyumba alikotoka babu yake.

Sasa niwaambie namna watu wale walivyojenga, maana hamkujengewa picha hiyo na yeyote. Katika mji wa Louth kuna kanisa la Mtakatifu Yakobo lenye mnara uliochongoka hadi zaidi ya mita 87. Sehemu hiyo ya juu iliwachukua miaka 14, kuanzia 1501 hadi 1515, katika mji mdogo wa wafanyabiashara wa sufi na mafundi. Daftari la wazee wa kanisa bado lipo: mawe yaliyonunuliwa, waashi waliolipwa, mikopo iliyochukuliwa na vyama vya kidini vya mjini vilivyochangia. Siku jogoo wa shaba alipopandishwa juu kabisa, kengele zote zilipigwa, na watu waliokuwepo wakapewa mkate na bia. Hakuna mfalme aliyewajengea. Walikuwa wamelipa wenyewe, senti kwa senti, na kila senti imeandikwa.

Na kwa kuwa walilipa wenyewe, walijua ni mali ya nani. Mwaka 1536, Mfalme Henry VIII alipokuwa anafunga monasteri na kuchukua mali zake, uvumi ukaenea kwamba zamu inayofuata ni ya vikombe na misalaba ya fedha ya makanisa ya kawaida. Jumapili ya tarehe 1 Oktoba padre wa Louth, Thomas Kendall, akahubiri juu ya hatari hiyo. Jioni ile wananchi wakachukua funguo za kanisa kutoka kwa wazee wa kanisa wakaweka ulinzi usiku kucha, na mbele yao alikuwa fundi viatu, Nicholas Melton. Kesho yake ukawa uasi, maelfu wakaandamana mpaka Lincoln, na baada ya wiki mbili hivi ukazimwa. Kendall na Melton waliuawa mwaka 1537. Siwaambii muige vita. Nataka mjue tu kwamba fundi viatu alikufa kwa ajili ya funguo za kanisa la mtaani kwake, na kwamba miaka michache baadaye vile vikombe vikachukuliwa kweli, sanamu zikavunjwa na kuta zilizokuwa na picha zikapakwa chokaa. Watu wakaendelea kuingia humo humo, wakabatiza na kuzika. Kanisa lile limepita kwenye majaribu mazito kuliko Jumapili yenye watu wachache.

Mnauliza, basi mbona yako matupu? Jibu la kwanza ni kwamba watu wenyewe hawapo. Karibu na South Ormsby kuna mahali panaitwa Calceby. Palikuwa kijiji. Tauni kubwa ya mwaka 1348 na miaka iliyofuata ilipita kwenye vilima vile, na kondoo wakachukua nafasi ya wakulima katika vijiji vingi. Leo Calceby ni magofu ya kanisa juu ya nyasi, na mabonde mabonde ardhini palipokuwa njia na nyumba. Miaka mia sita baadaye likaja trekta, kisha mashine ya kuvuna. Nilikuwa na jirani ambaye babu yake aliajiri wanaume wengi kwenye shamba lake. Yeye analima shamba kubwa kuliko hilo pamoja na mwanawe tu. Vijana waliondoka kwenda mijini kutafuta kazi, kama mnavyokwenda ninyi Dar es Salaam. Shule ikafungwa, posta ikafungwa, basi likaacha kupita. Kanisa likabaki kuwa mlango wa mwisho kijijini ambao mtu yeyote anaweza kuusukuma akaingia bila kununua kitu. Siwafichi: wengi pia wameacha kuabudu, na hilo limenihuzunisha miaka yote niliyokaa kule. Lakini mkisema ni hilo peke yake, mtakuwa mmejinyima somo lenyewe.

Somo lenyewe liko kwenye video yenu. Nimeitazama tena na tena. Mimbari ilikuwa katikati ya ukuta wa mbele, roshani imezunguka pande tatu, na nje juu ya mlango kuna jiwe la tarehe. Hilo halikuwa kanisa la parishi. Hicho ni kikanisa cha Kimethodisti, na historia yake ni nyingine, nami nitaikalia kidogo kwa sababu ndiyo inayowahusu.

John Wesley alizaliwa mwaka 1703 huko Epworth, kaskazini-magharibi ya mkoa huo huo wa Lincolnshire. Baba yake alikuwa padre wa mahali hapo. Juni 1742 John alirudi nyumbani akiwa naye ni padre wa Kanisa la Uingereza, akaomba asaidie ibada, akakataliwa mimbari ya baba yake mwenyewe. Jioni akatoka nje, akasimama juu ya bamba la kaburi la baba yake, akahubiri. Siku zilizofuata akafanya vivyo hivyo, na watu wakajaa makaburini. Hakuondoka akajenga kanisa jingine mbele ya lile kwa hasira; mpaka anakufa mwaka 1791 alijihesabu kuwa mtu wa Kanisa la Uingereza. Raithby, maili chache tu kutoka Little Steeping, kuna kikanisa alichokifungua yeye mwenyewe mwaka 1779. Robert Carr Brackenbury, mwenye shamba aliyekuwa rafiki yake, alikijenga juu ya zizi la farasi. Kipo mpaka leo: chini zizi, juu mabenchi na mimbari. Ni chumba cheupe, cha kawaida kabisa, na sijawahi kuingia humo bila kutamani kuimba.

Baada ya Wesley vikanisa vikaota kila kijiji. Vingi ni vya matofali mekundu, na usoni vimeandikwa Betheli, au Ebenezeri, au Sayuni, pamoja na mwaka. Waliovijenga walikuwa vibarua wa mashamba ambao ujira wao wa wiki haukutosha chakula. Walikopa, wakabeba matofali jioni baada ya kazi, na wanawake wakapika chai na keki za kuuza. Kila robo mwaka ilichapwa karatasi ya zamu: mhubiri fulani, Jumapili fulani, kikanisa fulani. Mtu aliyelima kwa jembe la farasi siku sita aliamka siku ya saba akatembea maili nyingi kwenda kuhubiri, akarudi usiku. Kwenye shule ya Jumapili alijifunza kusoma. Kwenye mikutano alijifunza kuandika muhtasari, kushika hesabu, kusimama mbele za watu na kusema hoja yake bila kutetemeka. Kwenye kanisa la parishi aliketi nyuma, na mwenye shamba mbele. Hapa alikuwa mzee wa kanisa.

Na hayo hayakuishia kanisani. George Loveless wa Tolpuddle, kusini huko Dorset, kibarua na mhubiri wa Kimethodisti, alihukumiwa mwaka 1834 pamoja na wenzake watano, wakasafirishwa Australia kwa kosa la kula kiapo cha umoja wa vibarua. Kelele za wananchi zikaifanya serikali iwasamehe mwaka 1836. Joseph Arch wa Warwickshire, mhubiri pia, aliongoza chama cha kwanza cha kitaifa cha vibarua wa mashamba mwaka 1872, na mwaka 1885 akaingia Bungeni. Wanaume kama hao walijifunzia kazi yao kwenye majengo madogo ambayo leo yana jiko na kitanda. Nikiona lile jiko nawaza watu hao, wala moyo wangu hauna nafasi ya kucheka.

Hapa sasa ndipo ninapowaomba msikilize vizuri. Wamethodisti wakaanza kugombana. Mwaka 1797 kundi moja likajitenga. Mwaka 1807 mkutano mkubwa wa sala wa siku nzima kwenye kilima cha Mow Cop ukasababisha ugomvi mwingine, maana wakubwa waliona kelele zimezidi, na likatokea tawi la Primitive Methodist lililopendwa sana na vibarua wa Lincolnshire. Mwaka 1849 wakafukuzana tena juu ya nani ana mamlaka, na maelfu wakaondoka. Waliogombana mara nyingi walikuwa na sababu za kweli, siwadharau. Ila kila ugomvi ulizaa jengo. Ikawa kijiji kimoja kina kanisa la parishi, kikanisa cha Wesley mkabala na duka, cha Primitive Methodist mwisho wa mtaa, na pengine cha waliofukuzwa 1849 nyuma ya mashine ya kusaga. Tenzi za Charles Wesley ziliimbwa katika vyote. Waimbaji wa kila kimoja waliwasikia waimbaji wa mwenzake kupitia dirishani.

Tarehe 30 Machi 1851 serikali iliwahesabu watu wote waliokwenda ibadani Uingereza na Wales siku hiyo, mara ya kwanza na ya mwisho kufanya hivyo. Karibu nusu ya mahudhurio yalikuwa nje ya kanisa la taifa. Kila upande ukasoma matokeo kama matokeo ya mashindano, na ujenzi ukaongezeka, wakati vijijini watu walikuwa wameanza kupungua. Mwaka 1993 mtaalamu mmoja, Robin Gill, aliandika kitabu kizima kuonyesha kwamba viti vilizidi watu muda mrefu kabla ya watu kuacha imani. Hoja yake ni kwamba ukumbi ulio robo tu huwakatisha tamaa hata wale waliokuja, na deni la jengo huwala wale waliobaki. Mimi nimeketi kwenye majengo hayo, na ninamwamini.

Mwaka 1932 matawi makubwa yakaungana. Wajukuu wa waliogombana wakawa kanisa moja lenye majengo mawili matatu kwenye mtaa mmoja. Lipi lifungwe? Kila familia ilisema lake libaki, maana bibi alifunga ndoa humo na jina la babu liko ukutani. Basi yakaendelea yote, watu wanane huku, kumi na mmoja kule, miaka nenda rudi, kila kundi likilipia paa lake. Mwisho yakauzwa moja moja: gereji, stoo ya viazi, nyumba. Kwa hiyo, wanangu, aliyeweka jiko pale kwenye mimbari hakuitupa dini. Alinunua jengo lililobaki kutokana na ushindani wa watu waliokuwa na imani kali kuliko yenu na yangu.

Makanisa ya parishi yamebaki mengi zaidi, nanyi mnadhani serikali inayatunza. Haiyatunzi. Wajibu wa kulitengeneza kanisa uko kwa halmashauri ya kanisa ya parishi yenyewe, na katika kijiji cha nyumba thelathini halmashauri hiyo inaweza kuwa watu saba, wengi wao wastaafu. Padre mmoja ana parishi kumi au zaidi, kwa hiyo ibada huenda ikawa mara moja kwa mwezi. Lakini mlango hufunguliwa kila asubuhi na kufungwa kila jioni, na kuna mtu anayefanya hivyo. Tangu mwaka 1955 sheria ya kanisa inataka kila jengo likaguliwe na mtaalamu wa majengo kila baada ya miaka mitano. Anapanda juu, anaingia kwenye paa, anaandika kila kigae kilichohama na kila ufa, na kipi kifanywe sasa na kipi kinaweza kungoja. Napenda utaratibu huo kuliko kitu chochote nilichokiona kule.

Aliyenifundisha kazi ya gata alikuwa mjane, jirani yangu, mwanamke mwembamba aliyepita miaka sabini. Kila majani yalipokwisha kuanguka alisimika ngazi akatoa majani yaliyooza kwa mkono. Methali ya ufa na ukuta mnaijua. Kule unaiona ikifanya kazi kwa fedha halisi, maana gata moja iliyoziba huingiza maji ukutani, maji huozesha kichwa cha boriti, na boriti moja hugharimu kuliko michango ya kijiji kizima kwa miaka. Wezi nao huja usiku wakavua mapaa ya risasi wakauze chakavu, na mvua ya wiki moja inaharibu kilichodumu karne tano. Na popo! Sheria inawalinda, huruhusiwi kuwafukuza, kwa hiyo Jumamosi tulikuwa tunafunika altare kwa turubai na kufagia vinyesi vyao kabla ya Komunyo.

Hela inatoka wapi? Keki, chai, maonyesho ya maua. Kila Septemba watu huendesha baiskeli kutoka kanisa hadi kanisa wakiwa wameahidiwa fedha kwa kila kanisa watakalofika. Jumapili ya mavuno huuza maboga na viazi, na hapo nilikuwa najisikia nyumbani kabisa, nikikumbuka mnada wetu na kuku wanaopigania kamba. Hata mkulima asiyekanyaga ibadani huja na mashine yake kufyeka nyasi za makaburini bila kuombwa, kwa sababu wazazi wake wamelala pale.

Wanaposhindwa kabisa, bado kuna wa kupokea. Mwaka 1957 Ivor Bulmer-Thomas alianzisha chama cha kuyachukua makanisa yaliyokosa mtu. Kanisa dogo la Sutterby, huko huko kwenye Wolds, ni mojawapo. Mwaka 1969 kanisa na serikali waliunda mfuko ambao sasa unatunza makanisa zaidi ya 350, likiwemo la Saltfleetby lenye mnara ulioinama, na lile kubwa la Theddlethorpe ambalo wenyeji huliita kanisa kuu la Marsh. Na Walesby, watu walipojenga kanisa jipya bondeni mwaka 1914, la zamani lilibaki peke yake kilimani. Waliolikomboa walikuwa watembea kwa miguu na waendesha baiskeli, nao wamechorwa kwenye dirisha mojawapo wakiwa pamoja na Kristo.

Sasa ramani yenu. Viti elfu moja. Jumapili ya kawaida mnakaa wangapi? Mnajua jibu, wala hamkuliandika kwenye barua. Hesabu yenu ina msingi, nguzo, paa, vioo, spika, na zulia la altareni, yote hadi shilingi ya mwisho. Nimetafuta fungu la matengenezo ya mwaka wa kwanza, sikuliona. Hakuna jina la mtu wa gata. Hakuna ngazi. Mmepanga siku ya uzinduzi na mgeni rasmi, na siku iliyofuata hamkuipanga.

Kwa sababu hiyo sitatoa mchango kwa jengo hilo, nami naliandika waziwazi ili msinisubiri. Kwa kanisa mlilonalo nitatoa. Linavuja upande wa sakristia, na mchwa wamepanda kwenye kenchi juu ya kwaya. Niliona mwenyewe nilipokuja likizo. Pateni fundi wa kweli, alikague lote kutoka juu hadi msingi, aandike, nanyi mbandike karatasi yake mlangoni kila mtu asome. Hela ya dawa ya mchwa na gata nitamtumia mweka hazina akinitumia makadirio ya fundi. Mkilitunza vizuri likajaa mpaka watu wanasimama nje, ongezeni ubavu mmoja, kisha mwingine. Hilo nitalichangia kwa furaha, hata kama itabidi niuze kitu.

Ama ugomvi wa vyombo, nendeni kwa wazee. Nendeni wachache, jioni, nyumbani kwa mzee wa kanisa, mkaanze kwa kusikiliza. Kinanda na ngoma vinaweza kugawana Jumapili. Nimeona watu wakigawana vikubwa kuliko hivyo. Wazee nao nitawaandikia, maana na wao wana neno la kujibu: hamkuanza ninyi kufunga milango. Lakini msitoke mkachimba msingi mkiwa na hasira. Wale wa 1849 walikuwa na hasira ya haki, na majengo yao nimewaeleza yalikofikia.

Na yule kati yenu anayekwenda kusoma Lincoln mwezi wa tisa, hii ni yako. Nunua buti za mpira kabla ya koti zuri. Kuna mabasi ya kwenda Louth, Spilsby na Skegness, hayapiti mara nyingi, kwa hiyo soma ratiba ya kurudi kabla hujatoka. Ukikuta kanisa limefungwa, tazama ubaoni barazani. Mara nyingi pameandikwa nani ana ufunguo, naye atafurahi kukuona kuliko unavyodhani. Ndani kuna kisanduku cha chuma ukutani. Tia kitu, hata sarafu moja. Kwenye daftari la wageni andika jina lako na jina la kijiji chetu, kwa Kiswahili. Usiwahubirie watu kwamba wamepotea. Waulize wana zamu ya usafi lini, uende. Na kama ukifika Little Steeping siku ya ibada, padre akakuomba usome somo, kubali, kisha mwombe ruhusa usome mistari michache kwa Kiswahili. Watu wa kijiji kile walimtoa padre wao, Steere, aende kuifanya kazi ya tafsiri. Wana haki ya kuisikia.